Ukuta Usio na Jina

Kazi ya kwanza niliyopewa peke yangu niliiharibu. Ilikuwa mwaka 2004, Manzese, Dar es Salaam, ukiingia ndani kuelekea Midizini. Mteja alikuwa mama mmoja mjane ambaye mashemeji zake walianza kuleta wanunuzi wa nyumba kabla hata arobaini ya marehemu haijafika. Akanipa shilingi 5,000 na maneno matatu: NYUMBA HII HAIUZWI. Aliyataka mekundu, aliyataka makubwa, na aliyataka yasomwe na mtu aliye ng'ambo ya njia "hata kama hataki kusoma".

Nikaanzia kushoto, kama mtoto wa darasa la kwanza anavyoanza daftari. NYUMBA ikakaa vizuri, nene, imejitanua. HII nayo ikapata nafasi yake. Kufika HAIUZWI ukuta ukaanza kuniishia. W niliibana mpaka ikawa kama abiria wawili wanaogombea siti moja, na I ya mwisho ikakosa kabisa pa kukaa. Ikabidi ikate kona, ikasimame upande wa pili wa nyumba, peke yake, karibu na mlango wa choo. Ukisimama mbele ulisoma HAIUZW.

Yule mama alitoka na kijiko cha mchuzi mkononi, akatazama mbele, akazunguka, akaiona ile I. Akasema taratibu, "Mwanangu, hii sasa itamaliziwa na anayekuja kujisaidia." Hakudai hela yake. Laiti angedai.

Fundi wangu alikuwa na banda la mabati karibu na Darajani. Hakunisema mbele ya watu. Kesho yake asubuhi alinirudisha kwenye ile nyumba, uzi na chaki mfukoni, akaniambia herufi hazilingani kiuno, kama watu tu. I ni nusu. M na W ni moja na nusu kila mmoja. Zilizobaki moja moja, na nafasi kati ya neno na neno ni moja. "Hesabu." Nikahesabu: NYUMBA 6 na nusu, nafasi 1, HII 2, nafasi 1, HAIUZWI 6 na nusu. Jumla 17. Nusu yake ni 8 na nusu, na ukizifuata herufi toka mwanzo unakuta hiyo 8 na nusu inaangukia pale pale H ya HII inapoishia. Basi unapima ukuta, unatia alama katikati, H yako inaegemea alama hiyo kwa mgongo, kisha unaandika ukitoka katikati kwenda pande zote mbili. Ukuta hauwezi kukuishia ghafla tena.

Tukaupaka uzi vumbi la chaki, yeye akashika huku, mimi kule, akauvuta kidogo katikati na kuuachia. Tap! Mstari ukajichora wenyewe, umenyooka kuliko rula. Mpaka leo huo mlio naupenda kuliko harufu ya rangi.

Miaka iliyofuata nilichora kila kitu ambacho uswahilini huchorwa. Vichwa vya saluni za kiume, panki na kipara na ndevu zilizochongwa. Ng'ombe wa bucha, ambaye sijui kwa nini kila mwenye bucha anataka atabasamu. Vibao vya genge, vya fundi cherehani, vya mashine ya kusaga. Kwenye spika za vijana wa vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha, niliandika majina ya vikundi vyao, wakati muziki wa kule ndani ukizidi kwenda mbio mpaka ukawa hii singeli ambayo sasa hata Ulaya wanaicheza. Lakini kazi iliyonifundisha zaidi ilikuwa nyuma ya daladala.

Enzi hizo Barabara ya Morogoro ilikuwa imejaa vipanya na Coaster, na hakuna dereva aliyekubali gari lake litoke bila neno. Ukikaa foleni saa nzima pale Magomeni unachosoma ni mgongo wa gari lililo mbele yako, kwa hiyo mgongo huo ulikuwa gazeti. Dereva mmoja alikuja usiku gereji, akataka niandike MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Hayo ni maneno ya kanga, kila mtu anayajua. Nikaandika, njano juu ya nyeusi, na kivuli chekundu chini ya kila herufi. Haikupita wiki akaja mwingine wa njia hiyo hiyo, hasemi kitu, ananiangalia tu, halafu akaniambia, "Andika: TUMELALA TUMEAMKA BADO TUPO." Nikaelewa. Kulikuwa na mwanamke katikati, au deni, sikuuliza. Baada ya hapo yule wa kwanza alirudi kubadilisha. Walirudi mara tano wale watu wawili katika miezi miwili, na mara zote nilipokea hela kwa mikono miwili. Nilikuwa nauza silaha kwa pande zote za vita.

Konda wa mmoja wao aliwahi kuniambia kwamba abiria wa Mwembechai walikuwa wanaziacha gari nyingine zipite ili wapande ile, wasome neno la wiki. Sijui kama ni kweli. Makonda ni waongo wazuri.

Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kupita katikati ya barabara, na daladala zetu za Kimara kwenda mjini zikahamishiwa kwingine. Mabasi yote sura moja, rangi moja, na hakuna aliyeniuliza nyuma yaandikwe nini. Wakati huo huo mashine za kuchapa fleksi zikawa zimejaa mjini. Mwenye saluni anapeleka picha asubuhi, mchana anarudi na bango limekunjwa kwapani. Linachanika baada ya masika moja, lakini ni rahisi na lina sura ya mtu mweupe aliyenyolewa vizuri. Fundi akauza banda, akarudi Masasi kwenye mikorosho ya baba yake. Aliniachia brashi tatu na ule uzi.

Ndipo mwaka 2018 shirika moja likaja mtaani na mradi wa picha za ukutani. Walikuwa na rangi za kupuliza za kila aina, kofia, fulana, na mpiga picha. Walitafuta msanii wa hapo hapo wa kufanya nao kazi, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa akanitaja mimi. Dada aliyeongoza mradi alikuwa mkarimu na mchapakazi, sina neno baya naye. Swali lake la kwanza lilikuwa kama ninachora Tingatinga.

Nilicheka, maana nilimkumbuka Fundi. Siku moja aliwahi kunipeleka Morogoro Stores, Oysterbay, kuwaona wale wachoraji wa ushirika. Alinieleza habari za Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza mwaka 1968 kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya bodi za dari kwa rangi ya kupakia baiskeli, mkewe akawa anaziuza pale pale. Halafu mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni jambazi. Minne tu, miaka yote aliyochora. Fundi alikuwa anamheshimu sana kwa sababu moja ya kiufundi: rangi ile ni ya mafuta, rangi yetu sisi, rangi ya mtu asiye na hela. Lakini tulipokuwa tunatoka aliniambia, "Zile picha zinanunuliwa na mgeni, zinapanda ndege. Zetu sisi haziendi popote. Zinakaa na watu waliozilipia, wanaziona kila siku wakienda kuchota maji." Nilidhani anajitetea.

Ukuta tuliopewa ulikuwa wa ghala la zamani, mrefu, unatazama uwanja wa vumbi. Tulichora binti amefungua kitabu na vipepeo wanatoka kwenye kurasa, wanapanda mpaka ukingoni mwa bati. Siku nne. Sijawahi kuchora kitu kizuri vile kabla wala baada. Uso wa yule binti niliufanya mimi, na kwenye shavu niliweka mwanga wa jioni kwa kupuliza rangi ya chungwa kwa mbali, kopo likiwa limeinamishwa, kama mtu anayepulizia manukato. Siku ya mwisho kulikuwa na ngoma, soda, hotuba na picha nyingi. Nikalipwa vizuri na kwa wakati.

Wiki ya tatu nikakuta tangazo la mganga limebandikwa juu ya jicho la kushoto la yule binti. Nguvu za kiume, kurudisha mpenzi, namba ya simu. Wiki ya tano yakawa tisa, na juu yake yamebandikwa ya shoo za singeli. Chini kote pakanuka mkojo. Mtu akaegesha kreti za bia tupu kwenye miguu ya binti, na akawa anaziburuza kila usiku, vipepeo wa chini wakakwanguka mabawa. Nilibandua matangazo kwa mikono mara mbili. Mara ya tatu nikakaa chini nikalia, na ninaona aibu kuyaandika haya, nilikuwa na miaka 31.

Shangazi yangu alikuwa amekuja kutoka Kilwa kwa matibabu, nikampitisha pale tukitoka hospitali, labda nilitaka mtu mmoja aseme ni pazuri. Akasimama, akafunga kanga yake vizuri, akatazama muda mrefu.

"Unasemaje?" akauliza.

"Ni binti anasoma, Shangazi."

"Namwona anasoma, baba, mimi si kipofu. Nakuuliza ukuta unasemaje?"

Nikaanza kumweleza kwamba picha haina haja ya maneno, kila mtu aelewe anavyoelewa, maneno niliyoyasikia kwa wale wenzangu wa mradi na kuyapenda. Akanikatiza kwa kushika ncha ya kanga yake. Akagusa ukingo: "Hii?" Pindo. Akagusa katikati: "Hapa?" Mji. Akateremsha kidole kwenye ule mstari wa maandishi. "Na hili?"

"Jina."

"Kanga isiyo na jina utampa nani? Atajibu nini?"

Sikubaliani na Shangazi moja kwa moja, hata leo. Zipo picha zinazojitosheleza. Ule uso na lile shavu vilikuwa vinajitosheleza. Ila alikuwa amegusa mahali ambapo mimi, mwandika mabango wa miaka kumi na minne, ndiye niliyetakiwa kupajua kuliko mtu yeyote. Uswahilini hatuangalii ukuta, tunausoma. Na tukishausoma tunatafuta unamsema nani, halafu tunatafuta la kumjibu. Wale madereva wawili walikuwa wamenilipa mara tano wakinifundisha jambo hilo, na mimi nilikuwa nahesabu noti.

Nikaenda kwa mwenyekiti kulalamika. Alinisikiliza, akanimiminia chai, akasema barua ya mradi aliipokea, akagonga mhuri, kila kitu kilikuwa sawa kiserikali. "Lakini wenye ukuta uliwaona?" Nikamwambia mwenye ghala alisaini. Akatikisa kichwa. "Mwenye ghala anakaa Mbezi. Nakuuliza wenye ukuta."

Wenye ukuta walikuwa vijana wa bodaboda na wazee wa bao. Kivuli cha lile ghala kilikuwa kijiwe chao tangu sijui lini. Siku zile nne tuliwaomba wasogee ili rangi isiwarukie, wakasogea ng'ambo, juani. Tulipomaliza, mpiga picha akaomba pale mbele pabaki wazi ili picha ionekane yote. Hakuna aliyewaambia warudi. Benchi lao la mbao tulilisogeza sisi wenyewe, mimi nikishika upande mmoja. Kumbe wao ndio waliokuwa wanawaruhusu wabandika matangazo, shilingi 2,000 kwa karatasi. Nilipowauliza, mmoja alinijibu bila hasira yoyote: "Msanii, sisi tulidhani ule ni ukuta wenu."

Sikuwa na la kusema. Nililirudisha benchi. Kazi ya mikono miwili, dakika tatu.

Yule mama wa nyumba isiyouzwa naye alishafariki wakati huo, na nyumba iliuzwa, tena na wajukuu zake mwenyewe. Mnunuzi alipaka ukuta wote rangi ya maji, kijani hafifu. Fundi yeyote angemwambia: rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta usipopiga msasa kwanza. Masika ya kwanza ikaanza kubambuka, na ikabambuka pale pale penye herufi, kwa umbo la herufi. Nilipita nikasoma HAIUZWI yote kamili, na ile I niliyoirudia mahali pake sahihi kwa maelekezo ya Fundi. Mwenye nyumba mpya anajitahidi kucheka watu wakimtania.

Mwaka 2021 wale vijana wa kijiwe ndio walionifuata. Mzee aliyekuwa akiwauzia kahawa jioni alikuwa amefariki. Mnawajua wazee hao, birika kubwa juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo vinagonganishwa mkononi kwa mdundo, kashata kwenye sahani. Walitaka "awepo". Si kwenye ghala. Kwenye ukuta wa pembeni, wa nyumba ya mama anayeuza mihogo, ambako ndiko mzee alikuwa anaweka jiko lake.

Safari hii nilikaa. Jioni tatu, nne, bila brashi. Familia ya mzee ilikataa sura yake isichorwe, ni watu wa dini, na nadhani walikuwa na haki hata bila dini. Tukakubaliana birika, jiko, na vikombe viwili. Tukafika kwenye rangi, na hapo tukakwama siku sita.

Asiyeishi Dar hawezi kuelewa. Nyekundu ni Simba. Kijani na njano ni Yanga, na hata ukisema si Yanga basi ni chama, CCM. Bluu ni Azam. Nyeusi tupu ni msiba, na walisema mzee hakuwa mtu wa msiba. Kila rangi niliyoifungua ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amekaa pale na kete mkononi. Mwishowe nikasema nitatumia kahawia, mzee ni wa kahawa, kahawia ni yake. Wote wakakubali, na hakuna aliyeuliza kahawia inapatikanaje. Nilikuwa nayo mabaki ya kopo la nyekundu na mabaki ya kopo la kijani. Ukizichanganya zinauana, zinakuwa tope, kisha ukiongeza njano kidogo tope linapata joto, linakuwa kahawa yenyewe. Nilizichanganya nyumbani usiku. Siri hiyo ilitoka wiki mbili baadaye, kwa mdomo wangu mwenyewe, na mpaka leo mtu wa Simba anadai nyekundu ndiyo iliyokuwa nyingi.

Jina lilitusumbua zaidi. PUMZIKA KWA AMANI BABU likakataliwa, hilo ni la kaburini. KAHAWA YA BABU likakataliwa, watu watadhani bado inauzwa. Kijana mmoja alileta mistari minne yenye vina, nzuri, lakini ukuta usingetosha na mimi nilikuwa nimeshawahi kuishiwa ukuta. Tulikuwa tunabishana hivyo siku ya tatu, mama wa mihogo akainua uso kutoka kwenye karai lake.

"Si alikuwa anawaambia ya moto haina haraka?"

Kimya. Kila mtu alimsikia mzee akilisema, kila jioni, kwa kila aliyenyoosha mkono kabla kikombe hakijajaa. Mmoja wa wazee wa bao akaweka kete chini na kugeuka upande.

YA MOTO HAINA HARAKA. Nilihesabu hapo hapo mchangani kwa kijiti. Y na A, 2. Nafasi. MOTO 4 na nusu. Nafasi. HAINA 4 na nusu. Nafasi. HARAKA 6. Jumla 20, nusu yake 10, na 10 ikaangukia kwenye ncha ya A ya kwanza ya HAINA, kwenye kilele chake kabisa. Vijana wawili wakashika uzi, huyu huku, yule kule. Niliwaachia wao waudunde.

Haijabandikwa karatasi pale. Aliwahi kuja mbandikaji saa tano usiku na ndoo yake ya gundi, nikaambiwa aliondoka bila ndoo. Herufi R imekwanguliwa na pikipiki, mtu akaijaza kwa rangi ya kucha, mkono wa kitoto, imevimba upande mmoja. Nimeiacha.

Tulikubaliana shilingi 60,000, kila mwana kijiwe achange. Nilipewa 45,000. Kila nikipita nawakumbusha hiyo 15,000, na kila nikiwakumbusha hawageuki hata kunitazama, wanainua vidole tu, wote kwa pamoja, wananionyesha ukutani.